Mwenye Macho na Aambiwe Tazama: Mafunzo ya Altrasaundi na Wajibu wa Usharika Wetu



Kamati ya maadhimisho ya miaka mia iliponipa jukumu la kuandika sura juu ya huduma ya afya, nadhani ilitarajia nieleze habari za zahanati yetu: nani alitoa kiwanja, nani alichimba msingi, na mabati yalinunuliwa kwa fedha gani. Habari hizo zimo katika sura nyingine, nazo zimeandikwa vema na wazee waliobeba mawe kwa mabega yao wenyewe. Mimi niliomba ruhusa niandike juu ya jambo lisiloonekana kwa mtu apitaye barabarani, yaani mafunzo ya kipimo cha altrasaundi katika chuo kikuu cha Kikristo, na jinsi usharika huu ulivyokuja kuhusika nayo. Niliomba hivyo kwa sababu katika jambo hili tulikosea, mimi nikiwa wa kwanza, na historia ya usharika isiyotaja makosa yake haitamfaa mtoto tunayembatiza leo.

WALIMU WALIOBAKI

Hapana budi nianzie mbali kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Walipofungua kituo walifungua na shule, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamekwisha kuanzisha chuo cha walimu huko Marangu. Mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa vita, wamisionari wale waliondoshwa nchini. Kwa hesabu za kibinadamu kazi ilipaswa kufa. Hapakuwa na mchungaji Mchaga hata mmoja. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Hata hivyo ibada hazikukoma, kwa kuwa walikuwapo walimu wenyeji waliofundishwa kusoma, kuhubiri na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Waluteri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia katika miaka ya 1920, na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, walikuta Kanisa liko hai. Usharika wetu wenyewe ni tunda la miaka ile. Vita vya Pili vilipowaondoa tena Wajerumani, jambo lilelile lilijirudia.

Naomba tulizingatie funzo hili, kwa maana sura yote hii imesimama juu yake. Majengo hayakuwabatiza babu zetu, wala vitabu vilivyofungiwa kabatini havikuwahubiria. Lililolibakiza Kanisa ni kwamba waliojua walikuwa wamewafundisha wengine kabla hawajaondoka.

Huduma ya tiba nayo ilipita njia hiyohiyo, ingawa kwa mwendo wa polepole. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba. Mwezi Machi 1971 ilifunguliwa hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na michango ya Wakristo wa Ujerumani na wa nchi nyingine ilikuwa imesaidia sana kuijenga. Tangu mwanzo hospitali ile ilikusudiwa kuwa pia mahali pa kufundishia. Mwaka 1997 kikaanza pale chuo cha udaktari, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, pamoja na chuo chetu cha theolojia cha Makumira ambacho mimi nilisomea uchungaji.

Miongoni mwa waliofundisha KCMC kwa miaka mingi alikuwapo Dk. Helmut Diefenthal, mtaalamu wa radiolojia mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Angaliweza kuja kwa majuma machache kila mwaka, akasoma picha za wagonjwa na kurudi kwao akiwa ameshukuriwa. Badala yake aliwafundisha Waafrika, madaktari wasaidizi na madaktari, kuzisoma picha hizo wenyewe. Leo wapo watu katika hospitali mbalimbali za nchi hii ambao ujuzi wao wa kusoma picha za eksirei na altrasaundi una mizizi katika mafunzo yale.

SAUTI INAYOONYESHA

Wako wasomaji wetu, hasa wazee, wanaoita kila picha ya hospitali “eksirei”. Yafaa nieleze tofauti. Eksirei hutumia miali inayopenya mwili, na miali hiyo ikizidi yaweza kudhuru. Altrasaundi hutumia sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde. Altrasaundi ya hospitali hutumia mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde. Kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi huituma sauti hiyo mwilini, nayo husafiri katika nyama kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Inapokutana na mpaka kati ya kitu na kitu, kama ngozi ya kibofu na maji yaliyomo, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda wa mwangwi kurudi, ikachora picha kwenye kioo. Wale waliowahi kuita ng’ambo ya korongo na kusikia sauti zao zikirudi wameielewa mashine hii kuliko wanavyodhani. Jeli inayopakwa tumboni ni ya kuondoa hewa katikati, maana sauti hii hewani haiendi mbali.

Ujuzi huu ulijengwa hatua kwa hatua. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikajulikana kwamba zikitiwa umeme hutetemeka. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mfaransa mwingine, Paul Langevin, alitumia jambo hilo kutafuta nyambizi baharini. Viwandani, sauti ya namna hiyo ikatumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kisha kikaja chombo hicho katika tiba kwa njia ambayo Mluteri hawezi kuisoma bila kutabasamu. Mji wa Lund, nchini Sweden, ndipo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilipoundwa mwaka 1947. Katika mji huohuo, Oktoba 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia chombo cha kupimia chuma kuuchunguza moyo wa mtu aliye hai.

Mjini Glasgow, Uskoti, daktari wa wanawake Ian Donald alifanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1955 alipeleka uvimbe aliokwisha kuutoa kwa wagonjwa kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke, pamoja na kipande cha nyama ya ng’ombe kwa kulinganisha, akaupima kwa chombo cha kupimia chuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown, ambaye alikuwa mhandisi, walitangaza matokeo yao katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyoweza kutibika. Mashine ilionyesha mfuko wa maji katika kokwa la uzazi, akapasuliwa, akapona.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma kabisa. Katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilibeba mashine za altrasaundi hadi kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, kutafuta vifuko vya minyoo ya mbwa vinavyoota ndani ya matumbo ya watu. Hivyo ilijulikana mapema kwamba chombo hiki kinaweza kufanya kazi chini ya mti, mbali na hospitali kubwa. Swali lililobaki ni nani atakayekishika.

KOSA LETU

Nilipokuwa mchungaji kijana, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilimzika mwanamke mmoja wa kwaya pamoja na mtoto wake ambaye hakupata kuzaliwa. Alivuja damu usiku akiwa na mimba ya miezi minane. Baadaye mkunga mzee alinieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limekaa mlangoni mwa mfuko wa uzazi, mahali ambapo mtoto angepita, na kwamba hapakuwa na njia ya kulijua hilo mapema kwa mikono peke yake. Sikulisahau kaburi lile. Nilipohamishiwa katika usharika huu na kusikia kwamba iko mashine inayoweza kuliona kondo kabla damu haijatoka, nilisema madhabahuni kwamba tutaipata.

Tukaipata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa muda wa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada tulinadi mikungu ya ndizi, mayai, kuku, vikombe vya maharage na vibuyu vya maziwa. Akina mama wa Idara ya Wanawake walitoa kuliko wote. Namkumbuka mjane mmoja aliyeleta mayai matatu yaliyofungwa katika jani la mgomba. Yalinadiwa mara nne, maana kila aliyeyanunua aliyarudisha mezani. Marafiki zetu wa ng’ambo wakaongeza kilichopungua. Mashine ikafika, ikakabidhiwa kwa hospitali moja ambayo sitaitaja, nami nikaiweka wakfu kwa sala ndefu. Kwaya ziliimba. Picha ya siku ile bado imetundikwa ofisini.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumtembelea mgonjwa katika hospitali ile, nikaomba niione mashine yetu. Nilipelekwa kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, tena kimefuliwa na kupigwa pasi. Daktari pekee aliyejua kuitumia alikuwa amehamishwa miezi minne baada ya makabidhiano. Tangu siku hiyo haikuwashwa. Muuguzi aliyenifungulia aliniambia kwa upole kwamba wao huifuta vumbi kila Ijumaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kuwalaumu wengine ingekuwa rahisi, nami nilijaribu kufanya hivyo njiani. Lakini katika vikao vyote vya miaka miwili, ambavyo mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, hakuna aliyeuliza nani ataitumia, atafundishwa na nani, na akiondoka nani atashika nafasi yake. Tulikuwa tumesahau namna Kanisa letu lenyewe lilivyopona mwaka 1920. Niliwaeleza wazee wa kanisa ukweli, kisha nikawaeleza washarika siku ya Bwana. Mjane yule wa mayai alikuwapo. Baada ya ibada alinishika mkono akaniuliza, “Baba Mchungaji, sasa tufanye nini?” Sikuwa na jibu.

BINTI YETU NA CHUMBA CHENYE GIZA

Jibu lilikuja kwa mtu tuliyemlea. Binti wa usharika huu, aliyepata kipaimara hapa na kusomeshwa kwa sehemu kwa mfuko wa elimu wa usharika, alikuwa amesomea udaktari msaidizi, kisha akaendelea na masomo ya radiolojia. Baada ya miaka kadhaa ya kazi aliombwa kuongoza mafunzo ya altrasaundi katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo. Ameniomba nisiandike jina lake wala la chuo, kwa kuwa, asemavyo yeye, kazi ile ni ya wengi. Naheshimu ombi lake.

Alikuja kunisalimu, nami nikamweleza habari za mashine chini ya kitambaa. Nilidhani atasikitika pamoja nami. Akacheka kidogo, kisha akasema, “Shikamoo yako nimeitoa, Baba Mchungaji, sasa nikuambie ukweli. Mashine za namna hiyo nimeziona nyingi. Msininunulie nyingine. Nipeni watu.”

Nilialikwa kukaa siku tatu katika mafunzo yake, nami nilikaa nyuma ya chumba kama mwanafunzi wa chekechea. Chumba kilitiwa giza ili kioo kionekane. Wanafunzi walikuwa wakunga, matabibu na madaktari wasaidizi kutoka hospitali na zahanati za vijijini. Siku ya kwanza hakuna aliyemgusa mgonjwa. Walijifunza vifungo vya mashine, namna ya kuchagua kichwa kinachofaa, maana sauti yenye mitetemo mingi huona vizuri vilivyo karibu na ngozi, na yenye mitetemo michache hufika ndani zaidi. Walijifunza kupangusa, kuhifadhi jeli, na kuikinga mashine na umeme unaopanda na kushuka.

Siku ya pili mama mjamzito aliyekubali kwa hiari yake alilala kitandani. Mwanafunzi wa kwanza akaweka kichwa cha mashine tumboni, akatazama kioo, akanyamaza. “Unaona nini?” akaulizwa. “Naona mawingu,” akajibu. Mimi nami niliona mawingu. Mwalimu hakumnyang’anya chombo. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, akausogeza polepole kiasi cha unene wa kidole, akauinamisha. Mawingu yakajipanga, ukaonekana uti wa mgongo wa mtoto, mfupa kwa mfupa, kama ushanga. Kisha akautoa mkono wake akasema, “Ipoteze picha hiyo, halafu itafute mwenyewe.” Mwanafunzi aliitafuta kwa robo saa. Mama yule alivumilia, akauliza kama mtoto wake naye amechoka.

Katika kitabu cha Marko tunasoma juu ya kipofu wa Bethsaida, ambaye Bwana alipomwekea mikono mara ya kwanza aliona watu lakini akawafananisha na miti, na ya kuwa Bwana alimwekea mikono mara ya pili ndipo akaona sawasawa. Nimehubiri juu ya habari hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuuelewa mkono wa pili mpaka siku ile. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika chumba cha altrasaundi methali hiyo haifai. Pale mwenye macho hana budi kuambiwa tazama, tena mara mia, na mtu aliyekwisha kutazama kabla yake.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kulieleza jambo hilo kwa lugha ya kitaalamu. Mwaka 1995 lilitoa kitabu cha mwongozo wa altrasaundi, na mwaka 1998 taarifa juu ya mafunzo yake, iliyoyapanga katika ngazi tatu na kusisitiza kwamba chombo hiki mkononi mwa asiyefundishwa chaweza kuleta majibu ya uongo. Binti yetu alikuwa na namna yake ya kuwalinda wanafunzi na uongo huo. Kila mmoja aliandika katika daftari alichokiona, na baada ya mama kujifungua aliandika kando yake kilichokuwapo kweli. Nilisoma daftari moja kwa ruhusa. Palikuwa na mahali mwanafunzi ameandika “mtoto mmoja”, na kando yake, kwa wino mwekundu, “mapacha”. Alikuwa amepiga mstari chini ya neno hilo mara tatu. Niliambiwa kwamba mwanafunzi huyo baadaye alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri kuliko wote.

Nilimwuliza binti yetu ni nini kilicho kigumu katika uongozi wake. Nilitarajia ataje fedha. Alitaja kwanza kuchagua wanafunzi, kwa sababu waajiri hupenda kumleta mtu anayestahili zawadi, si yule atakayebaki na kuifanya kazi. La pili ni cheti: chuo kisipopata kibali cha mamlaka za elimu na afya, mhitimu hurudi kwake akiwa na ujuzi usiotambuliwa wala kulipwa, na punde huenda kuuza ujuzi huo mjini. La tatu ni kuwafuata wahitimu walikotoka, maana mkono usiotumika husahau. La nne, alisema, ni kuwafundisha kusema “sijui”. Wazazi huja na swali moja, mvulana au msichana, na hutaka jibu papo hapo. Mumewe hutaka lake, mama mkwe hutaka lake. Mpimaji hana budi kujifunza kutunza siri ya mama, kukataa kubahatisha, na kumpeleka mbele mgonjwa aliyemzidi ujuzi.

JICHO PEKE YAKE HALITOSHI

Sitaki msomaji adhani kwamba mafunzo yakikamilika kazi imekwisha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama mjamzito apimwe kwa altrasaundi mara moja kabla ya mimba kufikia wiki 24, kwa kuwa mapema hivyo umri wa mimba hujulikana kwa uhakika zaidi, na mapacha hugunduliwa. Hayo ni mema. Lakini mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika vijiji vya nchi tano: Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan. Wakunga na wauguzi walifundishwa altrasaundi, wakajifunza vizuri, na vipimo vyao vilipokaguliwa vilionekana kuwa sahihi kwa sehemu kubwa sana. Hata hivyo vifo vya akina mama na watoto havikupungua kuliko katika maeneo ambayo hayakuwa na huduma hiyo.

Niliposoma habari hizo nilifadhaika, nikampelekea binti yetu. Alikuwa amekwisha kuzisoma. Alisema kwamba kujua kondo limekaa mlangoni ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni gari usiku, barabara wakati wa masika, damu iliyopo benki, mpasuaji aliye macho, na mume aliyekwisha kukubali kabla ya siku ya hatari. “Mimi ninafundisha jicho,” alisema. “Miguu na mikono ni ninyi.” Nikakumbuka kwamba Msamaria Mwema, ambaye hospitali yetu ya rufaa iko chini ya jina lake, alimwona aliyejeruhiwa kama walivyomwona wale wawili waliotangulia. Kuona walikuwa sawa wote watatu. Aliyehesabiwa kuwa jirani ni yule aliyempandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni na kulipa.

Ndiyo maana Baraza la Wazee lilipojadili jambo hili halikuishia kwenye ada ya masomo. Majadiliano yalikuwa makali, na si haki kuyaficha. Mzee mmoja, ambaye sasa amelala katika Bwana, alisema kwamba usharika unaokaribia miaka mia unahitaji mnara wa kengele unaoonekana kutoka barabara kuu, na kwamba mtu aliyefundishwa anaweza kuhama kesho lakini mnara hauhami. Hoja yake ilikuwa nzito, kwani tulikwisha kuumizwa na uhamisho. Akajibiwa na mama mmoja mzee wa kanisa: kama anaweza kuhama mmoja, tusomeshe wawili, na wa kwanza amfundishe wa tatu. Kura zilipigwa. Mnara ukaahirishwa. Tulisomesha wakunga wawili wa zahanati yetu kwa zamu, tukaweka akiba ya mafuta ya gari la wagonjwa, na kila mtaa ukachagua watu wa kubeba machela pale gari lisipofika.

Mkunga mmoja kati ya wale wawili alihama baada ya miaka mitatu, kama mzee wetu alivyotabiri. Wa pili yupo, na amemfundisha wa tatu. Ile mashine ya kwanza tulipewa ruhusa kuichukua. Fundi alisema imezeeka bila kutumika. Sasa anatumia ndogo zaidi. Vimekuja vifaa vya kiganjani vinavyounganishwa na simu. Kimoja, kiitwacho Butterfly iQ, kilipotangazwa mwaka 2017 bei yake ilikuwa kama dola 2,000 za Marekani, sehemu ndogo tu ya bei ya mashine za zamani. Bei ya mashine imeshuka. Muda unaohitajika kumfundisha mtu kuona haujashuka.

YATUPASAYO KATIKA KARNE YA PILI

Ndugu zangu, katika sherehe hizi zitatolewa ahadi nyingi, na wageni wetu wakarimu watauliza tunahitaji nini. Najua majibu yaliyo karibu na midomo yetu: vipaza sauti, viti, rangi, na mnara uleule wa kengele, ambao mimi nami ningependa kuuona kabla sijastaafu. Naomba kwa unyenyekevu kwamba sehemu ya sadaka ya maadhimisho iwekwe katika mfuko wa kudumu wa kusomesha wahudumu wa afya katika vyuo vyetu vya Kikristo, kwa masharti mawili tuliyojifunza kwa gharama: tusinunue chombo kabla ya kumtaja mtu atakayekishika na mwalimu wake, na tusimsomeshe mtu ambaye hajaahidi kumfundisha mwenzake.

Mwaka jana nilipita zahanati jioni. Mkunga wetu alikuwa na mama kitandani, na kando yake amesimama yule wa tatu, msichana mdogo, ameshika kichwa cha mashine. Nilisikia akiulizwa, “Unaona nini?” Akajibu kwa sauti ya chini kwamba anaona kondo, nalo limekaa chini mno. Mkunga hakusema neno. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa msichana, akausogeza kidogo, akatazama, kisha akaenda nje kumpigia simu dereva.

Mama yule alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya rufaa. Mtoto nimembatiza mwenyewe, katika hekalu hili, mbele ya mjane aliyeleta mayai matatu, ambaye sasa anashikwa mkono kuingia kanisani kwa sababu macho yake yamefifia. Nilipompelekea mtoto amguse, aliuliza kama huyu ndiye. Nikasema ndiye.

Mwenyezi Mungu, aliyewatunza walimu wetu wa kwanza, awatunze na wanaofundishwa leo, na aubariki usharika wetu katika miaka mia inayoanza.